Rufaa Minnesota: ushahidi mpya niupeleke wapi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi St. Paul, Minnesota. Mwenzangu wa biashara ya usafirishaji alinishtaki, na wiki mbili zilizopita jaji wa Mahakama ya Wilaya aliniamuru nimlipe dola 34,000. Jaji alimwamini yeye, mimi hakuniamini. Alikataa kupokea picha za gari alizopiga fundi, na kifungu cha 4 cha mkataba wetu alikisoma kinyume kabisa. Sasa nimepata meseji za WhatsApp kwenye simu yangu ya zamani, na fundi yuko tayari kuja kusema. Mahakama ya Rufaa itatusikiliza lini? – Dereva

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Nimefanya ukalimani kwenye mahakama za jimbo hilo kwa miaka mingi, kwa hiyo nikwambie mapema: fundi wako hatasikilizwa kule, na meseji hazitasomwa.

Najua umetoka nyumbani na picha gani kichwani. Kenya na Tanzania, rufaa ya kwanza ni kama kesi kusikilizwa upya. Uamuzi wa kesi ya Selle wa mwaka 1968 ndio unaotajwa kila siku: mahakama ya rufaa iupime ushahidi yenyewe na kufikia uamuzi wake, ikikumbuka tu kwamba mashahidi haikuwaona. Minnesota sivyo. Mahakama ya Rufaa ina majaji 19, wanakaa watatu watatu, na wanachosoma ni mwenendo wa kesi: yaliyosemwa, vielelezo vilivyotolewa, na maamuzi ya jaji. Kizimba cha shahidi hakuna. Mawakili wanasimama kwa dakika chache, wanakatizwa kwa maswali, wanakaa. Niliokuwa nikiwatafsiria walikuwa wananiuliza nje mlangoni, "Sasa kesi inaanza saa ngapi?"

Hilo la jaji kumwamini mwenzako, liache. Yeye aliwaona mkizungumza, na majaji wa rufaa hawamwingilii kirahisi kwenye nani anasema kweli. Kifungu cha 4 ni habari nyingine. Kama maneno ya mkataba yako wazi, maana yake ni suala la sheria, na hapo wanausoma wenyewe bila kufungwa na alivyousoma jaji. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja yako kubwa.

Kwenye picha ndiko watu wengi wanakoangukia. Mahakama ya Juu ya Minnesota ilishasema, katika kesi ya Sauter dhidi ya Wasemiller ya mwaka 1986, kwamba malalamiko kuhusu jaji kupokea au kukataa ushahidi hayasikilizwi kwenye rufaa kama hukuyapeleka kwanza kwa jaji yuleyule kwa ombi la kesi kuendeshwa upya. Ndiyo, kwa yuleyule aliyezikataa! Inaudhi, lakini ndio utaratibu, na ukiuruka, picha zimekwenda. Ombi hilo lina siku 30 tangu upande wa pili ukukabidhi taarifa ya maandishi kwamba uamuzi umesajiliwa. Kaangalie bahasha zako leo.

Meseji nazo, kama zina pa kwenda, ni kwenye ombi hilohilo. Ila utaulizwa kwa nini hukuzitoa mapema. Ushahidi mpya ni ule ambao hata ungehangaika vya kutosha usingeupata wakati wa kesi, na hiyo simu ilikuwa yako, kabatini kwako. Fundi pia ulikuwa unamjua. Sikupi tumaini hapo.

Rufaa yenyewe ina siku 60 tangu hukumu isajiliwe. Ombi la kesi kuendeshwa upya likiwasilishwa kwa wakati na kwa utaratibu, siku hizo zinasubiri jibu lake. Ada ya kufungua rufaa ni dola 550, na nakala ya mwenendo unailipia mbali, nayo si rahisi mkiwa mmekaa mahakamani siku kadhaa. Huna hela? Omba msamaha wa ada. Tena ujue rufaa peke yake haimzuii mwenzako kukazia hukumu: akaunti yako ya benki inaweza kuguswa huku rufaa ikiendelea, mpaka mahakama isimamishe utekelezaji, na kwa kawaida hiyo inataka dhamana.

Majaji wakishasikiliza hoja, sheria inawapa siku 90 kutoa uamuzi. Ukishindwa, una siku 30 kuiomba Mahakama ya Juu ikutazame, nayo huchagua kesi za kusikiliza. Mahakama ya Rufaa ilianza kazi mwaka 1983, baada ya wapiga kura kubadilisha katiba ya jimbo, kwa sababu Mahakama ya Juu ilikuwa imezidiwa na majalada. Kwa hiyo wengi wenu safari inaishia kwa wale watatu. Tafuta wakili wa rufaa kabla wiki haijaisha, na umpelekee mkataba kwanza, simu baadaye.