Apleti mpya ya mtandao kwenye GNOME: kwa nini waifai inazimika ukitaka tu kuona mitandao, na bando linakwenda wapi

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu: kwa nini tangu upandishe toleo la GNOME (programu inayochora skrini, menyu na madirisha ya Linux) waifai inazimika kila unapotaka kuchagua mtandao mwingine, kwa nini bando la simu linaisha ilhali kompyuta imeunganishwa na waifai ya ofisini, na kama ipo njia ya kurudi kwenye muundo wa zamani. Ninahudumia kompyuta za Linux katika duka la steshenari hapa Morogoro, ambako mteja akikosa intaneti hakuna kazi, na malalamiko haya nimeyasikia pale kaunta mara nyingi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Kompyuta yako haina hitilafu, wala kadi yake ya waifai haijaharibika. Kilichobadilika ni apleti, yaani ile menyu ya mtandao iliyo kwenye upau wa juu. Hadi toleo la 42, ukibofya kona ya juu kulia ulipata menyu yenye mistari, na mstari wa waifai ukiubofya ulifunguka na kukupa chaguo la kuona mitandao iliyopo, na chaguo jingine, lililo peke yake, la kuzima. Toleo la 43, lililotoka Septemba 2022, liliondoa mistari hiyo na kuweka vitufe vikubwa. Kitufe cha waifai kina sehemu mbili: sehemu pana, ambayo ukiibofya inazima waifai papo hapo, na mshale mdogo upande wa kulia, ambao ndio unaofungua orodha ya mitandao. Jina la mtandao unaoutumia limeandikwa kwenye ile sehemu pana. Mtu akiliona jina hilo, na nia yake ni kubadili mtandao, atalibofya jina. Ni vigumu kumlaumu, kwa sababu hakuna kinachomwonyesha kwamba jina lile ni swichi.

Hapo ndipo ninapouona udhaifu wa muundo huu. Kuangalia mitandao ni kitendo cha kila mara na hakimdhuru mtu, lakini kuzima waifai ni kitendo cha nadra kinachokata kazi iliyo njiani, na hata hivyo kile cha nadra ndicho kilichopewa eneo kubwa la kubofya. Siku moja dada wa kaunta alikuwa anapakia vyeti vya mteja kwenye fomu ya maombi ya chuo, akataka tu kuona kama hotspoti ya pili imeshawashwa. Alibofya jina la mtandao, kitufe kikabadilika kutoka bluu kuwa kijivu, upakiaji ukasimama, na waifai iliporudi ukurasa ulikuwa umeshamtoa, ikabidi mteja aanze kujaza upya tangu jina la kwanza. Yule dada anaijua kompyuta vizuri na alibofya pale ambapo mtu yeyote angebofya.

Wanaoutetea muundo huu husema kwamba vitufe vikubwa vinafaa skrini za kugusa na kwamba kugusa mara moja ni haraka. Sipingi ukubwa wa vitufe. Lakini Android 12, ya mwaka 2021, ilichukua njia nyingine: kitufe chake cha intaneti ukikigusa kinafungua orodha kwanza, na swichi ya kuzima imo ndani. Wapo waliolalamika kwamba hatua imeongezeka, na malalamiko yao yana msingi, ila mguso mmoja wa ziada hauwezi kulinganishwa na fomu ya mtu kupotea.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Ukishazima waifai kwa kitufe kile, hali hiyo huhifadhiwa, kwa hiyo kuzima kompyuta na kuiwasha upya hakusaidii: itaamka waifai ikiwa bado imezimwa, na mtu ataanza kuamini kwamba kadi imekufa. Bofya kitufe hicho tena, au fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

nmcli radio wifi on

Amri hiyo inanileta kwenye jambo ambalo ningependa kila mtumiaji wa Linux alijue. Apleti si mtandao. Kazi yenyewe inafanywa na NetworkManager, mradi ulioanzishwa na Red Hat mwaka 2004, na apleti ni dirisha tu la kuutazama na kuuamuru. Waliobuni upya dirisha hawakugusa kilicho nyuma yake, na kila ulichokuwa ukikifanya zamani bado kinawezekana. Ili uone mitandao bila hatari ya kuzima chochote, andika:

nmcli device wifi list

Utapata jedwali lenye jina la kila mtandao, chaneli, nguvu ya mawimbi kwa namba na aina ya ulinzi, na ule unaoutumia umewekewa nyota. Kwa kweli jedwali hili linasema mengi kuliko apleti, ambayo nguvu ya mawimbi inaionyesha kwa ikoni peke yake. Kuhamia mtandao ambao nenosiri lake limeshahifadhiwa, andika nmcli connection up ukifuatisha jina lake. Asiyependa kukumbuka amri aandike nmtui, apate menyu ya maandishi anayoitembelea kwa vishale vya kibodi.

Sasa suala la bando, ambalo kwangu ni zito kuliko la kitufe, kwa sababu linagusa mfuko. Ulisema simu umeichomeka kwa kebo ya USB na kuwasha ugawaji wa intaneti, huku waifai ya ofisini ikiwa hewani. Kwa NetworkManager, simu iliyochomekwa namna hiyo ni kadi ya mtandao wa waya, sawa na kebo itokayo kwenye ruta, na ndiyo maana apleti inaiita muunganisho wa waya bila kutaja simu popote. Mtandao wa waya hupewa kipaumbele: kwa kawaida njia yake huwekewa namba 100 na waifai huwekewa 600, na namba ndogo ndiyo inayotangulia. Matokeo yake ni kwamba kitufe cha waifai kwenye menyu kinaweza kubaki bluu, ikoni yake imejaa, ilhali kila unachokipakua kinapitia kwenye simu yako. Apleti ilipaswa kulisema hili waziwazi, kwa kuwa mtu anayenunua bando ana haki ya kujua ni njia gani inayotumika.

Dawa yake ni kubadili namba hiyo. Tafuta jina la muunganisho wa simu kwa nmcli connection show, kisha andika hivi, ukiweka jina ulilolikuta badala ya langu:

nmcli connection modify "Wired connection 2" ipv4.route-metric 700 ipv6.route-metric 700 connection.metered yes

Halafu uuwashe upya kwa nmcli connection up na jina hilohilo. Sehemu ya mwisho ya amri inaiambia kompyuta kwamba mtandao huu una malipo, ili programu zinazoheshimu alama hiyo, zikiwemo za kusasisha mfumo, zisipakue vitu vikubwa zenyewe. Kwa simu nyingi za Android NetworkManager hukisia hivyo bila kuambiwa, kwa sababu simu hutuma ishara yake inapotoa anwani ya IP, lakini mimi sitegemei makisio pale ambapo fedha ya mtu inahusika. Alama hiyohiyo imo pia kwenye dirisha la Mipangilio, ukibofya gia iliyo kando ya muunganisho.

Kuhusu kurudi nyuma, sikushauri ushushe toleo la GNOME, maana utakosa marekebisho ya usalama na utavuruga programu nyingine zinazoitegemea. Ukitaka apleti ya zamani kabisa, weka Xfce au MATE, ambazo hufanya kazi ileile ya GNOME kwa muundo wa kizamani. Zote mbili kwa kawaida hutumia nm-applet, ambayo ukiibofya inakuonyesha orodha ya mitandao moja kwa moja, na kuzima waifai kumewekwa kwenye bofyo la kulia. Kompyuta ya kaunta niliihamishia Xfce kwa sababu hiyo tu. Yangu mwenyewe imebaki na GNOME, kwa kuwa toleo la 44 liliboresha vitufe kwa kuongeza maelezo mafupi chini ya majina, na ninafanya kazi nyingi kwa terminali.

Ikiwa baada ya hayo waifai inaonekana imeunganishwa na kurasa hazifunguki, andika nmcli networking connectivity check. Jibu likiwa full, intaneti ipo na tatizo liko kwenye kivinjari au tovuti. Likiwa portal, kuna ukurasa wa kuingilia unaokusubiri. Likiwa limited, umefika kwenye ruta lakini ruta haifiki nje, na mara nyingi kwetu hapo ndipo bando limekwisha. Weka jibu utakalopata hapa pamoja na matokeo ya nmcli device, nami nitaliangalia jioni.