Kiti cha ngozi kinachochafua suruali: tatizo liko kabla ya kufunga rangi

Mkuu uliyeandika kutoka Urambo, umeuliza kwa nini kiti cha pikipiki ulichokishona mwenyewe kwa ngozi, ukakipaka rangi nyeusi na kukimalizia kwa nta, bado kinachafua suruali, na mvua moja tu imekiachia madoa. Nashona viti hapa Tabora mjini, na yamenikuta hayo hayo.

Kiti changu cha pili cha ngozi kilikuwa cha mwalimu anayekwenda njia ya Sikonge kila siku. Wiki haikuisha akarudi, suruali ya kaki imekuwa nyeusi nyuma. Nikadhani nta ni chache, nikaongeza. Ilikuwa Oktoba, jua letu mnalijua. Kiti kikawa kinanata, na rangi ikatoka zaidi ya mwanzo. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, lakini hulainika mapema kabla ya hapo, na kiti cheusi kilichoegeshwa juani hupata moto wa kutosha. Suruali nilimlipa. Sisi huku nta imejaa kila soko, ndiyo maana tunaikimbilia, ila nta haifungi rangi. Inaibeba.

Kinachochafua ni unga wa rangi. Rangi ya spiriti ikikauka, spiriti hupaa, na rangi ambayo haikuzama hubaki juu ya ngozi kama vumbi. Huo unga lazima utoke kabla hujapaka kitu kingine. Acha kiti siku nzima kikauke, kisha sugua kwa kitambaa kikavu cha pamba, geuza, sugua tena. Mimi natumia vipande vya kanga kuukuu, maana pamba iliyofuliwa sana ndiyo inayokamata unga. Kiti kimoja kinaweza kumaliza vipande vinne au vitano. Usiache mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Hapa ndipo mafundi wengi tunapokosa subira, mteja akiwa amesimama mlangoni.

Baada ya hapo pitisha mafuta ya kwato za ng'ombe, kiasi cha kulowesha kitambaa tu, ukiacha siku nyingine. Yakizidi, dawa ya kufungia rangi haitashika. Dawa yenyewe ni akriliki ya ngozi, ile ya maji inayokauka kuwa utando kama plastiki: ichanganye nusu kwa nusu na maji, paka kwa sponji iliyokamuliwa, kivulini, mahali pasipo vumbi. Rudia mara mbili au tatu, kila mara tabaka jembamba, na kila tabaka likauke kwanza. Ukipaka nzito itapasuka pale ngozi inapokunjwa pembeni. Nta sasa ndiyo inapata kazi yake: kwenye kingo na kwenye mstari wa mshono, maana maji huingilia matundu ya sindano.

Kwa rangi nyeusi, siku hizi situmii rangi ya dukani kabisa. Naosha stilwaya ya kusugulia sufuria, ile inayoshika kutu, kwa sabuni, natumbukiza kwenye siki nyeupe kama wiki moja, kifuniko kikiwa kimelegea ili hewa itoke, kisha nachuja. Ukiipaka kwenye ngozi ya magome, yaani iliyotengenezwa kwa magome ya miti, chuma hukutana na tanini, ile dawa ya magome iliyomo, na ngozi yenyewe inageuka nyeusi mbele ya macho yako. Hakuna unga wa kuhangaika nao sana. Ifute kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, halafu usisahau mafuta, kwa sababu inaikausha ngozi.

Kiti cha mwalimu nilikirudia kwa njia hii na kimemaliza misimu miwili ya mvua.

Chako usikibomoe. Toa nta kwa kitambaa chenye tapentaini, acha kikauke, kisha lowesha kiti kizima sawasawa kwa sponji ili madoa ya mvua yalingane na sehemu nyingine. Kikaushe kivulini, ndipo uanze kusugua.

Ila kabla ya yote, tazama ukingo uliokatwa chini ya kiti. Ukiwa wa hudhurungi mpaka katikati, ngozi imetengenezwa kwa magome na hayo yote yatakufaa. Ukiona kijivu chenye ubuluu, hiyo ni ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa chumvi za madini ya kromu badala ya magome, na rangi ya kupaka kwa mkono haizami vizuri humo. Weka picha ya huo ukingo hapa kabla hujagusa tapentaini.