Alqua au alph kwa batamaji?

Ndugu, nimekuelewa: orodha moja ya maneno ya Kielfi inasema batamaji ni alqua, nyingine alph, nawe unataka kuchora tatuu. Hakuna iliyokosea. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, alibuni lugha ndugu za Kielfi, yaani za Waelfi, viumbe wa hadithi zake. Alqua ni Kikwenya, alph ni Kisindarini. Mzizi ni mmoja. Ile sauti kw ya kale Kikwenya kiliitunza (ndiyo hiyo qu), Kisindarini kikaigeuza p, kisha ikalainika baada ya l ikawa f, ndiyo hiyo ph ya mwisho. Mimi hapo ndipo nilinaswa na lugha hizi!

Chagua lugha moja, usichanganye. Ukiona kinyota mbele ya neno, shtuka: kwa kawaida ni umbo la kukisia. Maneno mengine yametungwa na mashabiki. Kama ni sentensi nzima, mjuzi aikague kabla ya sindano.