C ya hesabu na PCM

Unauliza kama C ya hesabu inatosha kuchukua PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati ya Juu, kidato cha tano? Inatosha, mdogo wangu. Kwa C ya hesabu kidato cha nne unaweza kuchukua PCM. Tatizo ni kwamba C ni pana, inaanzia 45 hadi 64, na cheti hakisemi wewe uko kona ipi.

Nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Uyole, Mbeya. Wengi wanaozama kidato cha tano hawazamishwi na kalkulasi yenyewe, wanazamishwa na aljebra ya kidato cha pili. Mtu anafungua mabano ya −(x − 3) anaandika −x − 3, basi ukurasa mzima umekwenda na maji. Kwa hiyo jipime: funga daftari, tatua 2x² + 12x + 7 = 0 kwa kukamilisha mraba, kisha swali moja la logi na moja la trigonometria. Ukimaliza bila kuchungulia, nenda. Ukikwama kwenye mraba tu, likizo hii inatosha kuurekebisha. Ukikwama kote, mh, fikiria tena.

Halafu angalia unataka kusomea nini. Udaktari au famasia hauhitaji Hisabati ya Juu, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) inatosha, na hesabu yake ni BAM, yaani Basic Applied Mathematics, ambayo ni nyepesi zaidi. Ila kama ni uhandisi, tuseme pale MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kwa njia ya kidato cha sita Hisabati ya Juu na Fizikia huzikwepi. Njia nyingine ni kuanzia diploma ya ufundi.