Kabla Hujachoma Sindano, Papasa Tezi

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Dada, matokeo yametoka, nina D nne. Nyumbani wanasema nikasome mifugo tu maana sina pa kwenda."

Hiyo "tu" ilinikaa kooni siku nzima. Miaka tisa iliyopita baba yangu mdogo alilitamka neno hilo hilo mbele ya ndugu waliojaa sebuleni, mimi nimeshika sinia la chai: "Huyu anakwenda kusomea ng'ombe tu." Wakacheka. Siku hizi ng'ombe wake wakigoma kula ananipigia saa kumi na moja alfajiri, hata salamu haifiki mwisho. Lakini tuyaache hayo.

Sitakuchosha na fomu wala ada, angalia mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, maana vigezo hubadilika. Mimi nilisoma LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, kampasi ya Tengeru kule Arusha. Wana kampasi nyingine Mpwapwa, Morogoro, Buhuri na kwingineko. Unaanzia ngazi ya 4, ukivuka ya 5 una astashahada, na ya 6 ndiyo stashahada. Darasani utakariri sana. Shida huanza zizini.

Siku ya kwanza kupima mimba nilivaa glavu ndefu, nikaingiza mkono kwenye njia ya haja kubwa ya ng'ombe mpaka karibu na bega, mkia unanichapa usoni. Wenzangu walikuwa wanatoka wamekunja nyuso, hawajashika chochote zaidi ya kinyesi. Mimi nikaipata ile mimba. Mwalimu akanisifu mbele ya darasa zima, na naamini sifa ile ndiyo iliyokuja kuniponza.

Maana nilifika fildi nikijiona daktari kamili. Mama mmoja, mjane, alikuwa na ng'ombe mmoja chotara wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyosomesha watoto wake wawili. Akaniita: "Mwanangu, ng'ombe hali chakula tangu jana." Kipimajoto kikasoma 41, na kwa ng'ombe mzima hutegemei ipite 39 na kidogo. Kinyesi kilikuwa kikavu. Nikajiambia hii ni ndigana baridi, ugonjwa unaoletwa na kupe, nikachoma OTC, antibiotiki yake, nikapokea hela yangu na chupa ya maziwa juu. Kesho yake nikachoma tena. Alipoanza kuhema kwa shida, nikaongeza dozi badala ya kuongeza maswali.

Msimamizi wangu, daktari, alikuwa umbali wa simu moja. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inatuweka sisi wasaidizi chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa, na nilikuwa nimeijibia mtihani nikapata A. Sikupiga. Niliona aibu kusema sijui mbele ya mama aliyekuwa ananiita daktari.

Daktari alikuja siku ya nne, akiwa na safari zake. Hakufungua hata mkoba. Alipeleka mkono chini ya sikio la ng'ombe, akauchukua wa kwangu akauweka hapo hapo. Tezi ilikuwa kubwa kama yai la kuku. Ndigana kali. Kupe anayeieneza hupenda kukaa masikioni, ndiyo maana tezi ya hapo mara nyingi hutangulia kuvimba, na OTC haiitibu. Ng'ombe alitakiwa achomwe buparvakwoni, dawa ya ndigana kali, mapema, kabla mapafu hayajajaa maji. Jioni ile mapovu yalimtoka puani, akafa amelalia ubavu wa kushoto. Mama hakunifokea. Alichukua ndoo yake ya kukamulia akaingia nayo ndani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiniuliza ushauri ninao huo: papasa tezi. Chini ya masikio, mbele ya bega, kila ng'ombe, hata aliyekuja kwa jeraha la kwato. Kisha piga simu. Hujui, piga simu. Unadhani unajua, piga pia. Na usije kwenye kazi hii kwa sababu umekosa pa kwenda, maana huyo ng'ombe mmoja ni ada ya mtoto wa mtu, na wewe unaleta "tu" yako zizini kwake! Nani kakwambia D nne zinamfanya mnyama apone kirahisi zaidi? Samahani, nimepandisha sauti. Haikuwa kwako peke yako.

Ah, na nunua buti za mvua zako mwenyewe. Za kuazima hubana vidole.

Yule mama alikaa muda mrefu bila ng'ombe. Mwaka jana mwanawe alimnunulia mtamba, na wiki mbili zilizopita huyo mtamba akapata homa. Hakunipigia yeye, alimtuma mwanawe. Nilipofika alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani. Nikafungua mkoba nitoe kipimajoto.

"Anza na masikio," akasema.