Nimefunga oili kula mara mbili kwenye gari moja, jifunzeni kwangu

Kila nikifungua boneti lazima mtu aulize kale karejeta kadogo pale mbele ni ka nini, nikisema oili kula, yaani rejeta ya kupooza oili ya injini, wanadhani nawatania. Ndiyo, inatamkwa hivyohivyo kama kula chakula, na ukiifunga ovyo itakula kweli, itakula injini. Gari yangu ni Subaru Impreza WRX, injini ya EJ20 yenye tabo, na mara ya kwanza niliifunga kwa pupa tu kwa sababu nilishaona za wenzangu zimekaa vizuri pale kwenye bampa.

Kitu cha kwanza kununua siyo kula, ni geji ya joto la oili. Ile sindano ya kwenye dashibodi inapima maji, na maji yanaweza kutulia pale katikati wewe ukajiona uko salama huku oili inapaa tu. Mimi nilivyofunga geji nikakuta barabara ya kawaida oili inacheza nyuzi 95 mpaka 100, hamna shida yoyote, lakini siku ya trak, kwenye uwanja wa mbio, mzunguko wa nne ikagonga 135 na nikirudi kwenye sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, presha ya oili imeshuka mpaka moyo ukanidunda, maana oili ikipata joto hilo inakuwa nyepesi kama maji na beringi ndizo zinazolipa. Sasa kama wewe gari ni ya kwenda kazini na kurudi na haivuki 110, hela yako weka kwenye oili nzuri na filta, achana na haya mambo.

Kosa langu kubwa lilikuwa thamostati, ile vali inayofunguka yenyewe oili ikipata joto. Kile kipande cha duara kinachokaa kati ya injini na filta, kinachotoa oili kwenda kwenye karejeta na kuirudisha, kipo chenye thamostati na kipo kisicho nacho, na mimi nikachukua kisicho nacho kwa sababu ni rahisi. Aisee. Asubuhi za baridi naendesha nusu saa nzima geji bado inasoma 60, presha iko juu nikawa najisifu kabisa kumbe ni kwa sababu oili ni nzito, haijachemka. Baada ya wiki chache nafungua kifuniko cha oili nakuta kwa ndani kuna uji wa rangi ya maziwa. Moja kwa moja nikajua gasketi ya hedi imekwenda na maji yameingia kwenye oili, sikulala, kumbe ni unyevu tu, maana ule mvuke unaojikusanya ndani ya injini unatoka oili ikipata joto la kutosha, angalau ifike mia hivi mara kwa mara, sasa yangu ilikuwa haifiki kamwe. Nikatafuta chenye thamostati inayofungua kwenye 80 na kitu, uji ukaisha. Na ukienda kununua jua uzi wa filta yako, EJ20 ni milimita 20 kwa 1.5, yaani upana wa uzi na nafasi kati ya meno yake, gari nyingine ni tofauti kabisa na hazibadilishani hata ulazimishe.

Pale unapofungulia filta pia angalia kwa tochi, usipapase tu, ile raba ya filta ya zamani inapenda kubaki imeganda kwenye bloku halafu wewe unaweka mpya juu yake. Raba mbili zikipandana zinashika siku ya kwanza, ukikanyaga presha inapanda zinachomoka na oili yote inamwagika chini, na kwenye Subaru ekzosi iko palepale jirani na filta kwa hiyo siyo kuvuja tu, unaongelea moto.

Hosi ndiyo kazi yenyewe hasa. Ile ya kusukwa kwa nyuzi za chuma ukiikata kienyeji inafumuka kama ufagio na vile vinyuzi vinachoma vidole kuliko sindano. Zungusha tepu mizunguko kadhaa, kata katikati ya tepu kwa diski nyembamba ya grainda, halafu puliza ndani kwa upepo pande zote mbili mpaka uridhike, kisha puliza tena, kwa sababu ule unga wa raba na chuma ukibaki humo unaenda moja kwa moja kwenye beringi. Ndiyo maana mimi kula ya mtumba siitaki hata nipewe bure, hujui ilitoka kwenye injini gani, na kama ile injini ilikufa chembe za chuma zimejificha ndani ya vijia vya karejeta na hazioshiki zikaisha. Ukikaza nati shika upande wa pili kwa spana ya pili, aluminiamu inajipinda kabla hujasikia. Kwenye zile nati za koni usiweke tepu nyeupe ya mabomba, zinaziba zenyewe. Karejeta kakae kwenye raba, matundu yaangalie juu ili hewa isibaki humo, na hosi isiguse ekzosi, mkanda wala ncha ya bati.

Kuwasha: jaza oili kwenye karejeta kwa mkono kwanza, chomoa umeme wa pampu ya mafuta, piga starta vipindi vifupi mpaka presha ionekane kwenye geji ya presha ya oili, hapo ndiyo urudishe umeme na uwashe. Halafu kuna hii ambayo wengi inawapita, thamostati ikiwa imefunga oili inayopita kwenye kula ni kidogo sana, kwa hiyo ukipima na stiki mapema utaona iko sawa, kumbe ikifungua ndiyo inajaza zile hosi. Endesha mpaka ipate moto, zima, subiri dakika kumi, pima tena. Yangu ilitaka karibu nusu lita zaidi.

Usiku ule nilitandika boksi kavu chini ya gari. Asubuhi nikakuta tone moja, chini ya nati ya kushoto. Nikaikaza robo mzunguko, nikatandika boksi jipya.