Ghorofa lililoanguka Dar 2013 halikuwa Kariakoo

Hapana ndugu, unayesema ghorofa lililoanguka Dar es Salaam 2013 ndilo lile la Kariakoo, hayo ni majengo mawili tofauti. Lile la 2013 lilikuwa Mtaa wa Indira Gandhi, kule katikati ya jiji karibu na Mtaa wa Zanaki, lilianguka Ijumaa Kuu tarehe 29 Machi likiwa bado linajengwa, wakafa watu 36. La Kariakoo ni la 16 Novemba 2024, hilo lilikuwa na maduka na watu wanafanya biashara ndani. Na la Indira Gandhi taarifa za wakati ule zilisema kibali kilikuwa cha ghorofa 10 waliojenga wakapandisha mpaka 16, sasa nguzo na msingi wa ghorofa 10 utabebaje mzigo wote huo, hata zege lingekuwa zuri vipi. Inauma sana aisee.